Taa ya porini isigeuzwe silaha barabarani

Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Methali hiyo hunijia kila nisafiripo usiku katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, hasa kati ya Mtito Andei na Voi ambako giza ni totoro na msafiri hana mwenzi ila mwanga wa gari lake. Ghafla, mbele, huchomoza nuru nyeupe yenye kukaribia samawati, kali kama jua la adhuhuri, iliyofungwa juu ya paa la gari au kwenye vyuma vya bampa. Dereva wetu humpepesea taa mwenzake kumwomba apunguze. Mwenzake hapunguzi. Kwa nukta chache zifuatazo, dereva, abiria wake na yeyote atembeaye kando ya lami huwa wamo mikononi mwa Mungu.

Taa ninazozizungumzia ni zile za LED, zilizoundiwa magari ya porini na watu wapigao kambi mbali na nyaya za umeme. Leo zimetapakaa kwenye matatu, malori, pikipiki za bodaboda na hata magari madogo ambayo hayajawahi kuacha lami tangu yashushwe bandarini. Sinuii kuzilaani. Ni chombo chema, na aliyewahi kukwama kwenye tope la Tsavo saa tano za usiku anajua thamani yake. Ninalotaka tulitafakari, hasa sisi tulio shuleni kama walimu na wanafunzi, ni iwapo mnunuzi hujua anachokinunua, na ni nani alipaye gharama ya kutojua kwake. Kwa maoni yangu, ubora wa taa haupimwi kwa wingi wa mwanga inaotoa. Hupimwa kwa mahali mwanga huo unapoangukia.

Nchi hii si mgeni wa taa za ziada. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, usiku na mchana, katika barabara zilizotumiwa pia na raia wa kawaida. Magari ya akina Joginder Singh, aliyeibuka mshindi mwaka wa 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982, yalijulikana kwa safu za taa kubwa zilizofungwa mbele. Nyingine ziliwashwa hata mchana ili kuwatahadharisha wapita njia na wachungaji wa mifugo. Watoto wa enzi hizo walisimama kando ya njia kuzishangilia. Huenda ndipo ilipozaliwa imani kwamba gari lenye taa nyingi ni gari la shujaa.

Hata hivyo, taa za wakati huo zilikuwa za halojeni, zenye uzi wa chuma uwakao kwa joto. Zilikula umeme mwingi, zilikuwa ghali na zilikatika upesi, kwa hivyo ni wachache waliozimudu. LED ni jambo jingine kabisa. Ni kipande kidogo mno cha semikondakta kitoacho nuru pindi umeme upitapo ndani yake. Nick Holonyak wa Marekani alionyesha LED itoayo nuru nyekundu mwaka wa 1962. Nuru ya samawati iliwasumbua wanasayansi kwa miongo kadhaa, hadi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipofaulu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Nuru nyeupe tuionayo leo hupatikana kwa kuifunika LED ya samawati kwa unga ugeuzao sehemu ya nuru hiyo kuwa manjano; macho yetu huzichanganya rangi hizo mbili na kuona weupe. Ndiyo sababu taa nyingi za aina hii hubeba samawati nyingi, na ndiyo sababu huyachoma macho.

Manufaa yake hayana ubishi. Taa ya kawaida ya halojeni ya gari, ikiwa imeinamishwa, hutumia wati 55 na kutoa takriban lumeni 1,000, lumeni ikiwa ndicho kipimo cha wingi wa mwanga. LED iliyotengenezwa vyema hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati moja. Maana yake ni kwamba taa moja ndefu ya LED yenye wati 100 za kweli humwaga mwanga wa taa nane hadi kumi za halojeni zilizoinamishwa. Bei nayo imeteremka. Kitu kilichokuwa cha madereva wa mashindano sasa hununuliwa na kijana wa bodaboda kwa mapato ya siku chache.

Hapo ndipo balaa ilipoanzia. Dereva wa kwanza alifunga taa hizi kwa kuwa barabara ilikuwa na giza. Wa pili alizifunga kwa kuwa alipofushwa na wa kwanza. Wa tatu alizifunga ili asionekane mnyonge mbele ya hao wawili. Sasa kila mmoja ameongeza mwanga, na wote watatu wanaona vibaya kuliko walivyoona siku ya kwanza, kwa sababu kila jicho limekabiliwa na nuru ya mwenzake. Kila mmoja, akihojiwa, atajitetea kwamba alijilinda. Hivyo ndivyo jamii ijidhurupo: kila mtu hutenda jambo aonalo kuwa la busara kwake, na jumla ya busara hizo ikawa wazimu.

Na tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Gari liendalo kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa magari ya abiria nchini, husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Jicho lililopigwa na nuru kali huhitaji sekunde kadhaa kurejea katika hali yake. Tuchukue sekunde tatu tu. Katika muda huo gari litakuwa limekwenda mita 66, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa kandanda, huku anayelishika usukani akiwa kama kipofu. Mwanafunzi arudiye nyumbani jioni bila kitu cheupe mwilini anaweza kuwa ndani ya mita hizo 66. Isitoshe, jicho la mtu mzima huchelewa zaidi kupona kuliko la kijana. Sisi walimu wenye mvi tusijidanganye.

Basi mnunuzi mwadilifu atazame nini dukani? Kwanza, asishawishike na idadi ya wati iliyochapishwa kwenye kasha. Baadhi ya wauzaji huhesabu chembe za LED zilizomo, wakaizidisha idadi hiyo kwa uwezo wa juu kabisa wa kila chembe. Chembe 40 za wati tatu huitwa taa ya wati 120. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake ukweli kwa kipimo cha umeme: ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Ikiwa taa hiyo, kwenye betri ya volti 12, inavuta ampea nne pekee, basi ni taa ya wati 48, lolote liandikwalo kwenye kasha. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Pili, na hili ndilo kubwa, atazame umbo la mwanga. Kuna taa za mwanga wa mbali, ambazo huukusanya mwanga katika pembe nyembamba ya digrii 10 hadi 30, na kuna taa za mwanga mpana, ambazo huumwaga katika pembe ya digrii 60 hadi 120. Ya kwanza humfaa dereva aendaye kasi katika njia ya porini iliyonyooka. Ya pili humfaa anayekwenda polepole kati ya vichaka na mawe, anayebadilisha gurudumu au anayetundika hema. Ziko pia zinazochanganya aina zote mbili. Mwanafunzi wa fizikia akumbuke kanuni moja: mwanga hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Ukitaka kumulika mara mbili zaidi ya umbali wa awali kwa taa ileile, wahitaji mwanga mara nne. Kwa hiyo anayenunua taa ya mwanga mpana akidhani itamfikisha mbali amepoteza fedha zake. Atamulika miti ya kushoto na kulia, na macho ya kila anayemjia.

Tatu ni rangi na mahali pa kuifungia. Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini. Nuru ya kelvini 3,000 ni ya manjano kama ya balbu za zamani; ya kelvini 6,000 na zaidi huelekea samawati. Wengi huamini kwamba nuru ya manjano hupenya ukungu. Kwa hakika matone ya ukungu ni makubwa kiasi cha kuzitawanya rangi zote karibu sawa. Faida ya manjano ni kwamba haiyachoshi macho sana. Kilicho muhimu zaidi ni kimo. Asafiriye alfajiri pale Kimende au Kinungi, ambako ukungu hutanda kama blanketi, akiwasha taa iliyo juu ya paa atajijengea ukuta mweupe mbele ya kioo chake. Vumbi nalo hufanya vivyo hivyo. Katika hali hizo taa ya chini, iliyoinama na yenye mwanga mpana na mfupi, hushinda taa kubwa ya paani.

Nne ni uimara. Taa iwe na alama ya IP67 au zaidi: tarakimu ya sita huonyesha kwamba vumbi haliingii, na ya saba kwamba inahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kwa avukaye lugga au apitaye kwenye vumbi la Magadi, hilo si anasa. Mgongo wa taa uwe wa alumini nzito yenye mapezi ya kutolea joto, kwani LED, ijapokuwa haichomi kwa mbele, hupata joto kali kwa nyuma. Joto hilo lisipotoka, mwanga hufifia na chembe hufa kabla ya wakati. Iwapo taa ina herufi E ndani ya duara pamoja na nambari, hiyo ni ishara kwamba imeidhinishwa chini ya mkataba wa kimataifa wa vipuri vya magari uliotiwa saini Geneva mwaka wa 1958, mradi alama yenyewe isiwe ya kughushi.

Tano ni waya. Taa ya wati 120 huvuta ampea 10 kwenye betri ya volti 12. Kuiunganisha moja kwa moja kwenye swichi ndogo ya gari ni kuukaribisha moto. Sharti iwe na waya mnene, fyuzi iliyo karibu na betri, na rilei ya kubeba umeme huo badala ya swichi. Na hapa nina ombi moja kwa mafundi wetu wa umeme wa magari. Rilei hiyo iongozwe na waya wa taa kamili za gari, ili dereva ainamishapo taa zake za kawaida, hizi za ziada zizimike papo hapo zenyewe. Ni kazi ya dakika chache. Lakini kwa dakika hizo fundi atakuwa amefanya lile ambalo askari wa trafiki mia hawawezi: ataifanya adabu ya barabarani isitegemee hisani ya dereva aliyechoka.

Tukiacha barabara tukaingia kambini, mambo hugeuka. Hapo anayehitaji wati 120 ni nadra. Taa ya wati 10 tu, yenye lumeni zinazokaribia 1,000, yatosha kupikia, kulia na kuandikia kumbukumbu za safari. Huvuta chini ya ampea moja, na kwa saa tano haijamaliza ampea-saa tano za betri. Ile ya wati 120 ikiachwa kwa muda huohuo itanyonya ampea-saa 50, na betri ya gari yenye uwezo wa ampea-saa 70 haitaliamsha gari asubuhi. Mwalimu aliyewapeleka wanafunzi arobaini mbali na mji hatapenda kuligundua hilo kulipokucha.

Fauka ya hayo, usiku wa porini una wenyewe. Nuru yenye samawati nyingi huwavuta wadudu, na kumbikumbi wakishashuka kwenye sufuria hakuna chakula tena. Macho ya binadamu huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza kikamilifu. Taa moja kali hufuta mazoea hayo mara moja, na somo la nyota ambalo mwalimu wa jiografia alilipangia safari nzima huharibika. Wanyama wengi watembeao usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha nuru, na ndio huyafanya macho yao yang'ae tuyamulikapo. Utando huo huwasaidia kuona gizani, lakini mbele ya taa zetu huduwaa. Si bure kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori haliruhusu wageni kujiendeshea magari ovyo usiku ndani ya mbuga. Kule Watamu, vitoto vya kasa waangukapo kutoka mchangani huifuata nuru wakidhani ni bahari. Anayewasha taa kubwa ufuoni huwapeleka nchi kavu wakafe. Kambini, basi, taa iwe ndogo, ielekezwe chini, iwe ya rangi ya joto, na izimwe kazi iishapo.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba barabara zetu hazina taa, kwamba ng'ombe na punda huvuka wapendavyo, kwamba mashimo hayaonekani, na kwamba asafiriye Turkana au Marsabit ana sababu nyingine za kutaka kuona mbali. Hoja hizo zina uzito, nami nazikubali. Mtu wa Lodwar asiambiwe na mtu wa Nairobi kwamba giza ni zuri. Lakini wote hao huhitaji mwanga wakiwa peke yao njiani. Hakuna hata mmoja ahitajiye kummulika mwenzake usoni. Taa iliyochaguliwa kwa umbo, ikaelekezwa chini ipasavyo na kuunganishwa kwa rilei niliyoitaja, itamwonyesha ng'ombe na shimo, na itazimika ajapo binadamu. Mwenye haja ya kuona hapotezi chochote.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walipoteza maisha yao eneo la Migaa, karibu na Salgaa, basi lilipogongana na lori. Sidai kwamba taa ndizo zilizosababisha msiba ule. Nautaja kwa sababu jibu la haraka la wakuu lilikuwa kupiga marufuku safari za usiku za mabasi ya masafa marefu, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Kuufunga usiku ni rahisi. Kuutengeneza usiku ni kazi. Kazi hiyo yaanzia bandarini, ambako Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa lina wajibu wa kuhakikisha kwamba wati za kwenye kasha ni wati za kweli. Yaendelea katika vituo vya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi, ambako magari ya abiria na ya mizigo hukaguliwa kila mwaka: taa za ziada zipimwe mwelekeo na muungano wake, gari lisipitishwe kwa kuwa tu taa zinawaka. Na yaishia kwa polisi, ambao aghalabu hukagua taa mchana wa jua, wakati ambapo kosa lenyewe halionekani.

Lakini tusingoje wakuu. Shule ina basi, na basi hilo lina bodi ya usimamizi. Bodi iulize leo: basi letu limefungwa taa gani, na nani aliyezifunga? Wanafunzi wa Tuzo ya Rais, ambao hupiga kambi kama sehemu ya mafunzo yao, na maskauti vilevile, wapewe kazi ya kupima ampea za taa watakayoibeba na kukokotoa saa ambazo betri itadumu. Mwalimu wa fizikia ana somo la umeme, la mwanga na la mwendo ndani ya chombo kimoja kilichofungwa kwenye bodaboda nje ya lango la shule. Na kijana wa bodaboda, ambaye pengine alikuwa mwanafunzi wetu juzi, aitwe aoneshwe kwa upole taa yake inavyoonekana na anayemjia. Amwone mama mwenye mtoto mgongoni akijikinga uso kwa mkono. Nadhani atainama mwenyewe aigeuze.

Usiku wa leo magari yatapishana tena kati ya Mtito Andei na Voi. Kila dereva atakuwa na uwezo wa kumsaidia mwenzake afike au wa kumnyima macho kwa mita 66. Uwezo huo umo katika kidole kimoja na swichi moja. Mwenye kununua taa, basi, kabla ya kuuliza itamfikisha wapi, na asimame kwanza mbele yake, upande wa pili, aitazame kama atakavyoitazama mwenziwe. Akishindwa kuivumilia yeye, asimpelekee mwingine.